Ya Kaisari Ni Kiasi Gani?



Katika somo la Biblia la Jumatano tulikuwa tumefika Warumi mlango wa 13, mahali Mtume Paulo anapowaagiza waamini walipe kodi, tena si kwa kuogopa adhabu tu bali kwa ajili ya dhamiri. Tulikuwa karibu kufunga kwa sala. Ndipo mama mmoja ambaye wengi wetu tunamfahamu tangu Juba akainua mkono. Mama huyu aliuza unga, maharage na dagaa katika soko la Konyo Konyo kwa miaka mingi. Akasema: "Mtoza ushuru alipofika mezani kwangu alidai paundi 10. Nikimwambia biashara ni mbaya, alisema basi nipe 5, risiti tuiache. Nikampa. Nilifanya hivyo karibu kila juma. Sasa nisaidieni. Siku zile nilikuwa ninalipa kodi, nilikuwa ninaibiwa, au nilikuwa mwizi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Jibu likaahirishwa hadi Jumatano iliyofuata, na Jumatano iliyofuata mvua kubwa ikatuokoa. Kwa hiyo sisi wa kamati ya gazeti tumeketi na swali hilo, tukasoma, tukaulizana, na mara mbili tumegombana. Haya tunayoyaandika si hukumu ya kanisa wala si mahubiri ya mchungaji. Ni fikira zetu, na mwenye fikira nyingine atuandikie.

Kwa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi ambao hawakufika Juba, tueleze kidogo. Konyo Konyo ni soko kubwa la zamani, upande wa Kator na Malakia, si mbali na Mto Nile. Baada ya mkataba wa amani wa tarehe 9 Januari 2005 watu walimiminika pale kutoka kila upande: Waganda, Wakenya, Waethiopia, Waeritrea, watu wa Darfur, na sisi wenyewe tuliorudi kutoka Kakuma na Kiswahili chetu mdomoni. Samaki wakavu walitoka upande wa Terekeka na Bor, lakini unga, sabuni, nyanya, vitunguu, karibu kila kitu kingine kilikuja kwa lori kupitia Nimule, kilometa 192 za barabara ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Mvua ikinyesha, matope yalifika kwenye vifundo vya miguu na takataka zikaelea katikati ya meza, ijapokuwa asubuhi ile ile tulikuwa tumelipia usafi.

Na asubuhi walipita watu. Mmoja alisema ni wa usafi, wa pili wa leseni, wa tatu wa kiwanja, wa nne wa usalama. Mwingine alikuwa na kitabu cha risiti chenye mhuri, mwingine kitabu kisicho na mhuri, na mwingine alikuwa na fimbo tu. Sisi hatukujua nani ametumwa na nani. Tuliwapima kwa sura: huyu mkali, huyu ana njaa, huyu anaweza kubembelezwa.

Sheria zilikuwepo, tusidanganyane. Kulikuwa na Sheria ya Kodi ya mwaka 2009 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka huo huo, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Mapato ya Taifa. Ziliandikwa kwa Kiingereza, nazo zilikaa maofisini. Katika miaka yote tuliyouza pale hatukuona hata ukurasa mmoja uliobandikwa sokoni kusema meza ya dagaa inalipa kiasi gani, kwa nani, mara ngapi kwa mwezi. Tena nchi iliishi kwa mafuta. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato ya serikali zilitoka visimani. Januari 2012 uzalishaji wa mafuta uliposimamishwa kwa sababu ya ugomvi na Khartoum, serikali ilibanwa ikatafuta fedha mahali pengine, na mahali pengine ndipo tulipokuwa sisi. Kodi isiyojulikana haiumizi wenye meza peke yao. Mwaka 2024 tozo mpya zilikwamisha malori ya mafuta ya Umoja wa Mataifa, na ndege za kudondosha chakula kwa wenye njaa zikasimama, mpaka serikali ilipoziondoa tozo hizo mwezi Mei.

Sasa turudi kwa Paulo. Sisi huwa tunasoma ule mlango wa 13 kana kwamba uliandikiwa watu waliotozwa kwa haki. Hapana. Wataalamu wa Biblia wanaona waraka ule uliandikwa karibu mwaka 57, wakati Nero alipokuwa Kaisari. Mwaka uliofuata, mwaka 58, watu wa Roma walikuwa wanamlilia Nero huyo huyo kwa sababu ya dhuluma ya watoza ushuru. Yaani wale waamini waliposomewa barua ya Paulo, kelele za ushuru zilikuwa masikioni mwao kama zilivyokuwa kwetu Konyo Konyo.

Kuelewa kelele zile yafaa kujua ushuru ulikusanywaje. Dola ya Roma haikuajiri watu wake kukusanya ushuru wa bidhaa na wa forodha. Iliuza kazi hiyo kama mnada. Wenye fedha walishindana kuahidi kiasi watakachoingiza hazinani, na aliyeahidi kikubwa ndiye aliyepewa. Akipata zaidi ya alichoahidi, ni chake. Akipungukiwa, hasara ni yake. Zakayo wa Yeriko, ambaye Luka anamwita mkubwa wa watoza ushuru na tajiri, yaelekea alikuwa katika mpango wa namna hii, mwenye vijana chini yake. (Mathayo, aliyeketi forodhani Kapernaumu, alikuwa katika eneo la Herode Antipa, lakini wananchi hawakuona tofauti. Mkono uliopokea ni mkono.)

Nero alifanya nini? Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba kwanza alitaka kufuta ushuru wote kwa siku moja, iwe zawadi nzuri kwa binadamu wote. Wazee wa baraza wakamsifu kwa moyo wake mkubwa, kisha wakamzuia: dola itavunjika, maana leo ukifuta ushuru kesho watu watadai ufute na kodi. Tulipofika hapa tulikumbuka jambo la hapa Uganda. Wenyeji wetu wanasimulia jinsi wanaume walivyokuwa wakikimbilia porini wakisikia wakusanyaji wa kodi ya kichwa wanakuja, na asiye na tiketi yake alikamatwa njiani. Mwaka 2005 kodi hiyo iliondolewa, watu wakashangilia, na wilaya zikabaki zikitafuta fedha za kuendeshea kazi zake. Kufuta ni rahisi na kunapendeza. Wale wazee wa Roma hawakuwa wajinga.

Basi Nero akatoa amri nyingine, nayo ndiyo iliyotusimamisha. Aliamuru kanuni za kila ushuru, ambazo mpaka siku ile zilikuwa zimefichwa, zibandikwe hadharani. Deni lililoachwa bila kudaiwa lisifufuliwe baada ya mwaka mmoja. Mahakimu mjini Roma na maliwali mikoani wayasikilize kwanza mashtaka ya wananchi dhidi ya watoza ushuru kabla ya kesi nyingine. Na malipo fulani ya asilimia 2 na asilimia 2.5, ambayo watozaji walikuwa wameyatungia majina ili wapate kukusanya kinyume cha sheria, yafutwe.

Majina! Hapo mama yetu wa dagaa alipiga makofi tulipomsomea. Usafi, leseni, kiwanja, usalama.

Tacitus anaongeza kwamba mengi katika amri ile yalishikwa kwa muda mfupi tu, kisha yakapuuzwa. Hatushangai. Na ni Nero huyu huyu ambaye, kwa mapokeo ya kanisa, alimuua Paulo baadaye. Hatumleti hapa kama mtu mwema. Tunasema tu kwamba hata mtu wa namna hiyo, aliposhinikizwa na kilio cha watu, aliona mahali kidonda kilipo: wenye kulipa hawakuijua kanuni, na wenye kutoza waliijua.

Nero huyo alituma pia askari wapande Mto Nile kwenda kutazama unatokea wapi. Walikwama kwenye majimaji makubwa yaliyojaa majani, na wengi wanaamini hapo palikuwa Sudd, nyumbani kwa baadhi yetu. Afadhali walikwama. Wangefika wangeanza kuhesabu ng'ombe.

Mteremko wa mto huo huo, kule Misri, mwaka 68, liwali aliyeitwa Tiberius Julius Alexander, mzaliwa wa familia ya Kiyahudi ya Iskanderia, alitoa tangazo refu lililochongwa katika ukuta wa hekalu kwenye oasisi ya Kharga. Alisema wakulima na watu wa mjini wamemzonga kwa malalamiko. Akakataza tozo mpya zilizozuliwa bila idhini, akakataza watu kulazimishwa kuchukua mikataba ya kukusanya kodi bila kutaka, akakataza mtu kufungwa gerezani kwa deni la mtu binafsi. Fikirini: kulikuwa na watu waliolazimishwa kuwa watoza ushuru. Tutalirudia jambo hili.

Lakini mfano unaotukaribia zaidi ni wa soko, si wa jumba la Kaisari. Katika jangwa la Siria kuna mji uliojulikana kama Palmyra. Biblia inautaja kwa jina la Tadmori, katika habari za Sulemani, Mambo ya Nyakati cha pili, mlango wa 8. Ulikuwa mji wa misafara ya ngamia chini ya Roma. Mwaka 137, wakati wa Kaisari Hadrian, baraza la mji lilikaa na kukiri jambo ambalo mabaraza mengi hayakiri. Lilisema vitu vingi vinavyotozwa havikuandikwa katika sheria ya zamani, vinatozwa kwa mazoea, na ndiyo sababu wafanyabiashara na watoza ushuru wanagombana kila mara. Likaamua kila kitu kiandikwe, kichongwe kwenye jiwe, jiwe lisimamishwe mahali penye watu wengi, na wakubwa wa mji wahakikishe mtozaji hachukui zaidi ya kilichoandikwa.

Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1881 na sasa liko katika jumba la makumbusho la mji wa St. Petersburg, Urusi. Limeandikwa kwa lugha mbili: Kigiriki, lugha ya ofisi, na lugha ya mji, ambayo ni ya jamii ya Kiaramu, ndugu wa lugha aliyoongea Bwana Yesu. Kwa hiyo mchuuzi ambaye hakujua lugha ya ofisi angeweza kusoma mwenyewe, au kusomewa na mwanawe. Limetaja mzigo wa ngamia na mzigo wa punda, kila mmoja kwa kiwango chake. Mafuta ya manukato yaliyo katika chupa za mawe yalilipa zaidi ya yale yaliyo katika viriba vya ngozi ya mbuzi, maana anayenunua chupa ya jiwe si mwenzake anayenunua kiriba. Samaki wa chumvi wametajwa. Na chakula kilichoingia mjini kutoka vijiji vya eneo la mji wenyewe hakikutozwa.

Tulipolisoma hilo tulikaa kimya. Tuliwakumbuka akina mama waliokuja Konyo Konyo alfajiri na mafungu ya mboga kichwani, wakatozwa kabla hawajauza hata fungu moja, na ikabidi wakope kwa wenzao ili waruhusiwe kushusha mzigo. Habari hiyo nayo imo katika Maandiko, Nehemia mlango wa 5: watu wamekopa fedha kwa ajili ya kodi ya mfalme, wameweka rehani mashamba na watoto.

Sasa mmoja wetu katika kamati alitaka tuishie hapo: tuseme haki ya mlipa kodi ni kujua kiwango, basi. Mwingine akakataa, na tunaona alikuwa na haki ya kukataa. Akasema, someni tena hilo jiwe lenu. Tukasoma. Katika orodha ile ile yenye samaki na mafuta, wameandikwa watumwa. Kila mtumwa aingiaye mjini, dinari kadhaa. Jiwe ni wazi kabisa, kila mtu anasoma, hakuna aliyedanganywa kwa kiasi, na juu yake binadamu amewekwa pamoja na kiriba cha mafuta. Kwa hiyo sheria inaweza kujulikana na watu wote na bado ikawa dhambi.

Tena hatuna haja ya kwenda Siria. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliandika kodi ya kila kibanda kuwa rupia 3, namba inayosomeka, si ya kubahatisha. Lakini kibanda cha mjane kililipa rupia 3 na kibanda cha mwenye ng'ombe wengi kililipa rupia 3. Asiye na rupia ilimpasa akazitafute kwa kufanya kazi. Kodi za namna hiyo zilikuwa Kenya na Tanganyika pia, na kule Kongo, chini ya Mfalme Leopold, kodi ililipwa kwa jasho: amri ya mwaka 1903 ilitaja saa 40 za kazi kwa mwezi, na watu wakafanyishwa kupita hizo. Wazee wetu walipewa tiketi, na mzigo ukabaki usio wa haki.

Kwa hiyo tunaona kuna maswali mawili, na yasichanganywe. La kwanza: je, kinachodaiwa kinajulikana? La pili: je, ni haki kukidai? La pili ni kubwa kuliko la kwanza, lakini la kwanza linatangulia, kwa sababu pasipo hilo la pili haliwezi hata kuulizwa. Mtu hawezi kulalamika kwamba paundi 10 ni nyingi mno kwa meza ya dagaa wakati hajui kama ni 10, au 5, au si kitu. Na dhamiri anayoitaja Paulo haina pa kusimama. Dhamiri inaweza kusema, lipa unachodaiwa. Haiwezi kulipa deni ambalo kiasi chake kinaamuliwa na sura ya mtu asubuhi ile.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi kwa jina letu la wakimbizi. Katika Mathayo mlango wa 17 Bwana anamuuliza Petro, wafalme wa dunia huwatoza nani, watoto wao au wageni? Petro anajibu, wageni. Roma ilikuwa hivyo hasa. Tangu mwaka 167 kabla ya Kristo raia wa Roma waliokaa Italia hawakulipa kodi ya mali. Mzigo ule ulibebwa na nchi zilizotekwa. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola, na mwanahistoria wa wakati ule, Cassius Dio, anasema shabaha ilikuwa kupata walipa kodi zaidi, maana kodi ya urithi iliwahusu raia. Mgeni analipa kwa sababu ni mgeni, na siku akiitwa mwana analetewa hati ya malipo.

Hapa inatupasa kuungama. Tulipokuwa wenyeji Konyo Konyo, mtozaji akiipita meza yetu na kwenda kwa Mwethiopia au Mganda, tulishukuru kimoyomoyo. Mara nyingine tulimwonyesha kwa kidevu. Tulisema, hawa wamekuja kuchuma, walipe. Leo sisi ndio tunaopanga nyanya juu ya gunia katika nchi ya wengine, na tunatazama kama mwenyeji ataonyeshea kidevu upande wetu. Ni lazima tuseme pia kwamba wenyeji wetu hapa wengi wametutendea vizuri kuliko tulivyowatendea wale wageni wetu.

Turudi kwa mama. Tulikwenda nyumbani kwake, akatupa chai, tukamuuliza jambo moja: ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema nusu? Alifikiri. Akasema, mwanzoni ni yeye mtozaji, tena kwa vitisho. Aliwahi kuona meza ya jirani ikipinduliwa na unga ukamwagika matopeni. Baadaye hapakuwa na haja ya kusema, walikuwa wamezoeana. Mwishoni ni yeye mama aliyekuwa akiandaa zile 5 mapema, amezikunja, ili amalize haraka. "Siku nyingine niliogopa," alisema. "Siku nyingine nilifurahia 5 zilizobaki."

Tunaona jibu liko humo, nalo si moja. Siku ya hofu aliibiwa, na aliyeibiwa hana cha kutubu. Siku ya furaha alikuwa amenunua kitu, na alichonunua kilikuwa cha watu wengine. Tulimuuliza pia kuhusu jirani zake. Akamkumbuka mama mmoja wa meza ya pili, muuza bamia kavu, mgeni sokoni, ambaye hakujua kubembeleza wala hakuwa na lugha ya kubembelezea. Huyo alilipa 10 kamili kila mara. Wenye mazoea walipata punguzo, na asiye na mtu alilipa bei nzima. Kisha wote wawili walikanyaga matope yale yale, kwa kuwa zile 5 hazikufika kwenye mfereji.

Tungeweza kumaliza hapo kama Jumatano ile asingekuwepo ndugu mwingine, katika benchi la nyuma. Wengi hamjui alifanya kazi gani kabla ya Julai 2016. Alituruhusu tuandike, ila jina tusiandike. Alikuwa mkusanyaji katika soko moja la Juba. Alituambia kwamba mshahara wake ulikuwa unachelewa miezi, mara moja ulichelewa zaidi ya miezi minne. Kila juma mkubwa wake alimpa kiwango cha kurudisha. Akizidisha, alikula. Akipungukiwa, alijazia mwenyewe, na mkubwa hakutaka kusikia habari za mvua. Hakuwa amewahi kusoma habari za Roma, lakini tulipomweleza ule mnada alisema, "Ndiyo yenyewe." Na kama wale wa Misri, yeye naye hakuwa na uhuru wa kukataa.

Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari aliwaambia watosheke na mshahara wao. Ni maneno yanayomfaa mtu aliye na mshahara. Kwa asiyelipwa, Yohana angesema nini? Tuligombana hapa. Baadhi yetu tunaona dhambi kubwa ni ya yule aliyemtuma mtu mwenye njaa akachote katika sufuria ya jirani yake. Wengine wanaona njaa inaeleza sababu lakini haimwandikii mtu risiti, kwani muuza bamia naye alikuwa na njaa. Mwandishi wa sehemu hii anaelekea upande wa pili, lakini bila kuinua sauti, maana hajawahi kukaa miezi minne bila mshahara akiwa na kitabu cha risiti mkononi.

Ndugu huyo ameuliza swali gumu kuliko la mama. Zakayo alirudisha mara nne, kama sheria ya Musa inavyosema juu ya mwizi wa kondoo. Lakini Zakayo alikuwa Yeriko na aliowadhulumu walikuwa Yeriko; angeweza kuwapitia mlango kwa mlango. Wale wa Konyo Konyo wako Bidi Bidi, wako Kakuma, wengine walikwenda Khartoum na vita vya mwaka 2023 vikawafukuza huko pia, na wengine wamekufa. Atamrudishia nani? Tulipata Hesabu mlango wa 5: ikiwa hakuna ndugu wa kupokea malipo, yanakuwa ya Bwana na hupewa kuhani. Ndugu alikubali mara moja, akaanza kuleta kidogo kidogo kutoka katika mauzo yake ya mkaa. Mhazini wetu amekataa kuzipokea mpaka wazee wa kanisa wakae, akisema kanisa lisiwe mahali pa kufulia fedha za dhuluma. Bahasha iko kwa katibu. Muuza dagaa anasema yeye yuko hapa hapa, hajafa, na anaweza kupokea zake.

Wakati tukingoja wazee wakae, limetokea jambo dogo. Akina mama wa soko la hapa makazini, Wakongo, Wasudani Kusini na wenyeji pamoja, wamemwomba mwenyekiti wa soko awape orodha ya tozo zote: meza, gunia, kuku, mkaa, nani anapokea, na risiti ya rangi gani. Wanataka iandikwe kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba na lugha ya wenyeji. Yule ndugu wa benchi la nyuma ndiye anayewasaidia kuyapanga maswali, kwani anajua mahali maneno yanapofichwa. Fundi seremala wa zoni ya pili ametoa mbao bila malipo. Ubao umekwisha kupakwa rangi nyeupe na umesimamishwa karibu na kisima, na mwenyekiti ameahidi kuleta orodha kabla ya mwisho wa mwezi.